Linki ya 10G iliyoonekana tupu: nilivyohangaika mpaka nikapata vipimo vya kweli

Naandika hii kwa ajili ya mtu anayesimamia swichi za mtandao za 10G (gigabiti 10 kwa sekunde) na anaziamini grafu zake, maana mimi nilizi­amini karibu mwaka mzima na wateja ndio walikuwa wanaumia.

Nafanya kazi kwenye kampuni ya hosting hapa Dar, tunaweka tovuti za watu kwenye seva zetu. Tuna swichi nne za poti 48, seva ziko upande mmoja, storeji upande wa pili, katikati kuna linki ya 10G. Kila siku ikigonga saa mbili usiku simu zinaanza. Kuna dada mmoja ana duka la mtandaoni, alikuwa ananiandikia WhatsApp "kaka picha hazifunguki tena, ni saa mbili ile ile", mimi nafungua dashibodi naona linki inapitisha megabiti tisini na kitu kwa sekunde, kwenye bomba la gigabiti 10! Namjibu dada yangu huku kwetu kuko sawa. Jibu lile linaniuma hadi leo kwa sababu kwetu hakukuwa sawa kabisa.

Kilichonishtua ni kwamba ile grafu ilikuwa haivuki 114. Nikavuta ya wiki, nikavuta ya mwezi, inapanda inashuka lakini 115 haigusi. Matumizi ya watu hayaendi hivo, watu hawakubaliani wote kwa pamoja wasizidi namba fulani.

Sasa ilivyo ni kwamba swichi haikupi spidi, inakupa kaunta ya baiti zilizopita, mfumo wa uangalizi unaisoma, unaisoma tena baada ya dakika 5, unatoa, unagawa kwa sekunde 300. Kaunta ya zamani ya SNMP (njia ya kuuliza vifaa vya mtandao hali yake), ile ifInOctets inayohesabu baiti zinazoingia, ni ya biti 32, ikifika baiti bilioni 4.29 inarudi sifuri kama mita ya gari iliyoishiwa namba. Kwenye 10G iliyojaa inazunguka kila baada ya sekunde 3.4 hivi, yaani ndani ya dakika 5 inaweza kuzunguka mara themanini na kitu na mfumo hauna habari, unajua imezunguka mara moja tu au haijazunguka kabisa. Chukua hizo baiti bilioni 4.29 gawa kwa sekunde 300, unapata megabiti 114 kwa sekunde. Ndio dari yangu ile.

Kaunta za biti 64 zipo miaka mingi, zinaitwa ifHCInOctets na ifHCOutOctets, hata 100G ikijaa usiku na mchana zinachukua zaidi ya miaka 40 kuzunguka. Shida yetu ilikuwa templeti ya mfumo wa uangalizi (mipangilio iliyoandaliwa tayari), kuna mtu aliitengeneza zamani kwa SNMP toleo la 1, na toleo la 1 haliwezi kubeba namba ya biti 64, kwa hiyo mfumo ulikuwa unachukua ile ndogo kimya kimya bila kulalamika. Nikahamia v2c, yaani toleo la 2, nikaifungia kwenye mtandao wa usimamizi peke yake kwa sababu nenosiri lake linapita wazi, na siku hiyo hiyo grafu ikaruka mpaka gigabiti 1.8. Nilikaa nikaiangalia kwa muda.

Lakini 1.8 kati ya 10 bado sio linki iliyojaa, na dada bado picha hazifunguki.

Hapo nikaanza kuangalia kaunta ya paketi (vipande vya data) zinazotupwa na swichi, ifOutDiscards, na hii ningeomba kila mtu aiweke kwenye dashibodi kabla hata ya spidi. Ilikuwa inapanda kila siku saa mbili kamili halafu inatulia. Wastani wa dakika 5 ni sawa na kuhesabu watu wa kivuko cha Kigamboni kwa siku nzima halafu useme pale hakuna msongamano, wakati asubuhi watu wanasukumana. Nikajaribu kuiuliza swichi kwa SNMP kila sekunde 5, prosesa ya swichi ikapanda, na grafu ikawa kama meno ya msumeno, sifuri, mara mbili, sifuri, mara mbili, kwa sababu swichi yenyewe ilikuwa inahuisha zile namba kila baada ya sekunde kadhaa, ukiuliza haraka zaidi inakurudishia jibu la zamani.

Ndio nikaingia kwenye gNMI, njia mpya zaidi ya kupata vipimo kutoka kwenye swichi. Huku huulizi, unajiandikisha mara moja, swichi yenyewe inakusukumia namba kila baada ya muda uliotaja. Nikasimamisha seva moja yenye Telegraf (inayokusanya vipimo) na InfluxDB (inayovihifadhi), nikaomba njia ya /interfaces/interface/state/counters kila sekunde 1. Vyeti vya TLS, vya kulinda mawasiliano hayo, vilinila siku mbili, sitaingia huko.

Siku ya kwanza dashibodi ya swichi mbili tupu. Data inaingia, naiona kabisa kwenye logi, ila ukichagua "saa moja iliyopita" hakuna kitu. Nikahangaika nusu siku nzima. Kumbe kila namba inakuja na muda iliopimwa, na saa za swichi hizo mbili ziliwekwa kwa mkono kwa saa za Dar huku swichi inajua hizo ni UTC (saa ya kimataifa, masaa matatu nyuma ya Dar), kwa hiyo vipimo vyake vyote vilikuwa vinaandikwa masaa matatu mbele, vipo kwenye kesho yake ndogo ambayo dashibodi haiangalii. Nikaweka NTP (inayosawazisha saa kupitia mtandao) kwenye swichi zote, ikaisha.

Usiku ule saa mbili nilikuwa nimekaa ofisini nasubiri. Ilipogonga, mstari ukaenda gigabiti 9.6, ukakaa pale kama sekunde 20, ukashuka hadi 1.2. Piga hesabu ya dakika 5 unapata ile 1.8. Ilikuwa bekapu! Seva 12, zote zimetoka kwenye templeti moja, zote cron yake (ratiba ya kazi) saa mbili kamili, na saa zao zimepangwa vizuri hivyo zinaanza sekunde ile ile kumimina kwenye mlango mmoja. Bafa ya swichi yetu, yaani kumbukumbu inayoshika paketi zinazosubiri kutoka, ni megabaiti 12, poti mbili tu za 10G zikimimina kwa pamoja kwenye poti moja inajaa ndani ya sehemu ya mia moja ya sekunde. Hata kipimo cha kila sekunde hakiwezi kuona hilo tukio lenyewe, kinachokuambia ni paketi zilizotupwa na kina cha foleni (ni kiasi gani kinasubiri kwenye bafa) kama swichi yako inakitoa.

Nikahamisha bekapu kwenda saa tisa usiku na kwenye taima ya systemd (mpangaji wa kazi wa Linux) nikaweka RandomizedDelaySec=20m, inayochelewesha kwa bahati nasibu hadi dakika 20, kila seva ianze kwa wakati wake. Paketi za kutupwa zikaisha. Dada nikampigia mwenyewe, nikamwambia alikuwa sahihi muda wote.

Kazi iliyobaki ilikuwa kupeleka vipimo kwenye huduma ya uangalizi ya klaudi, maana bosi anataka alati zitoke nje ya jengo letu. Poti 192, kaunta 14 kila moja, kila sekunde, hiyo ni zaidi ya namba milioni 230 kwa siku, na wale wanachaji kwa wingi wa data. Kwa hiyo vya kila sekunde nabaki navyo ndani siku 7, na skripti ndogo ya Python kila dakika inapeleka nje wastani NA kilele cha ile dakika. Kilele usikiache, ukipeleka wastani peke yake umerudi kule kule kwa 1.8. Na kilele kitafutwe kwenye spidi, sio kwenye kaunta, kaunta inapanda tu siku zote, kilele chake hakikuambii chochote.

Tena Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika ndio nikajua kitu kingine. Wakati ule skripti haikuwepo, Telegraf ilikuwa inapeleka yote nje moja kwa moja, na kwa kawaida inashika rekodi 10,000 tu wakati wa kusubiri. Kwa rekodi 192 kila sekunde, moja kwa kila poti, hiyo ni sekunde 52, baada ya hapo inatupa za zamani. Saa ambazo nilihitaji vipimo kuliko wakati wowote ndizo hazipo. Sasa ivi kila kitu kinaandikwa ndani kwanza, nje baadaye, na kule klaudi nimeweka alati ya kukosekana kwa data, ikipita dakika 3 bila kusikia kitu kutoka kwetu simu yangu inalia.

Swichi mbili kati ya zile nne hazitoi kina cha foleni. Hizo ndizo naombea bajeti mwaka huu, na safari hii naenda kwa bosi na grafu ya kila sekunde mkononi.