Vijana wa dola 30 na ngazi zangu 380

Jumamosi wifi yangu kanikokota tena mpaka Red Rocks, eti tukafanye mazoezi. Kwa ambao hamjafika Colorado, Red Rocks ni ukumbi wa wazi wa muziki huko Morrison, nje kidogo ya Denver, umekaa katikati ya majabali mawili mekundu makubwaaa, na asubuhi kukiwa hakuna shoo watu wanakuja kupanda na kushuka ngazi zake. Ziko 380 wanasema, mimi sijawahi kumaliza kuzihesabu, halafu pale ni kama futi 6,450 toka usawa wa bahari kwahiyo sisi watu wa Tanga pumzi inakata kwenye ya 60 hivi, nabaki nimeshika kiuno najifanya naangalia mandhari.

Basi nikakaa kwenye benchi (ni ubao mrefu tu, hauna pa kuegemea) nikaweka mkono kwenye ukuta wa mawe pembeni, ukuta una baridi ile ya asubuhi inayoingia mpaka mfupani, nikawaza hivi hii mawe nani aliyabeba? Nikatoa simu nikaanza kuperuzi. Wifi yuko huko juu anakimbia kama mbuzi.

Kumbe ni vijana wa CCC, mpango wa serikali wa kuwapa kazi vijana wasio na ajira. Ule mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, kufikia 1933 karibu mtu mmoja kati ya wanne Marekani anayetafuta kazi hana. Rais Roosevelt anaapishwa mwezi wa tatu, na kabla mwezi haujaisha sheria ya kuanzisha Civilian Conservation Corps imeshapita, mpaka mwezi wa saba vijana zaidi ya laki mbili na nusu wako makambini. Kwetu ungesema JKT lakini bila bunduki. Wanajeshi ndio waliendesha kambi, kuamka ni kwa tarumbeta, kitanda unatandika, unakula, unapelekwa saiti. Walichukua wavulana ambao hawajaoa, wengi miaka 18 mpaka 25, toka familia zinazopokea msaada wa serikali. Wasichana hapana, samahani dada. Hapa Red Rocks walianza 1936, kwa sururu, koleo na baruti, wakachimba kilima na kupanga mawe miaka mitano mizima wakifuata ramani za msanifu Burnham Hoyt, ukumbi ukafunguliwa Juni 1941. Mwaka uliofuata CCC yenyewe ikafungwa, vita imeshaingia na vijana wanatakiwa kwingine.

Sasa kilichonikamata ni mshahara. Dola 30 kwa mwezi, chakula na malazi na nguo bure, lakini katika hizo 30 kama 25 zilikuwa zinaenda MOJA KWA MOJA nyumbani kwa wazazi. Hazipiti mkononi kwa mtoto. Yeye anabaki na 5 zake, za sigara na sinema. Jamani nilicheka pale peke yangu, maana sisi huku tunajiona ndio tuliovumbua mambo ya kutuma hela nyumbani, kila ijumaa uko kwenye app unaangalia makato, kumbe haya majabali yamechongwa na watoto wa watu ambao kila mwezi mama zao walikuwa wanasubiri hela kama mama yangu anavyosubiri. Tofauti ni kwamba wao hawakuweza kusema mwezi huu mambo magumu.

Nchi nzima walipita kama vijana milioni 3 mpaka 1942, walipanda miti kama bilioni 3, na hifadhi kibao unazoenda na watoto kuchoma nyama, ile njia, kale kadaraja ka mawe, kale kabanda, ukiuliza utaambiwa ni wao.

Ila tusipambe sana. Sheria yenyewe ilikuwa na kifungu cha kukataza ubaguzi wa rangi, alikichomeka Oscar De Priest, mbunge wa Chicago, peke yake mweusi kwenye bunge lote wakati ule. Lakini wakubwa wakasema kutenganisha sio kubagua (hapo ndo ujue watu wana akili za ajabu), na 1935 mkurugenzi wa CCC, Robert Fechner, akaagiza kabisa weusi wawe na kambi zao. Kama laki mbili hivi walipita humo, na kuna miji iliandika barua kulalamika kwamba haitaki kambi ya weusi jirani. Njia ya mawe wanaitaka, aliyeijenga hawamtaki.

Kambi ya vijana wa Red Rocks bado ipo hapo chini, yale mabweni ya mbao. Kambi nyingi nchini zilibomolewa, hii ni moja ya chache zilizobaki karibu nzima na toka 2015 pamoja na hifadhi ya Red Rocks yenyewe ni eneo la kihistoria la taifa. Tulipita na gari taratibu wakati wa kurudi. Unaweza kupita mara ishirini ukadhani ni stoo tu, mimi ndo nilivyokuwa nadhani.

Nikampigia mama video tukiwa kwenye gari, shikamoo mama, marhaba, nikamuonyesha mabweni nikampa stori yote ya zile dola 25. Akanyamaza kidogo, nikadhani network.

"Kwahiyo hela ilikuwa inakatwa kabla mtoto hajaiona?"

"Ndio mama."

"Na hiyo serikali bado ipo?"

Wifi alicheka mpaka nikamwambia aangalie barabara. Nikafungua app hapo hapo.