Siku Moja Maishani Mwangu: Kugeuza Nyaya za Simu Kuwa za Intaneti

Naamka saa kumi na moja alfajiri, si kwa kupenda, bali kwa sababu mwezi wa Agosti hapa Dallas, Texas, dari la nyumba huwa tanuri ifikapo saa tano, na kazi yangu haiishi bila kupanda darini mara mojamoja. Nakunywa chai ya maziwa nikiwa nimesimama, napanga vifaa kwenye begi, kisha nampitia kijana ninayemfundisha kazi, mzaliwa wa Bukavu, ambaye huniita kaka hata ninapomkemea.

Saa mbili kamili tumeshafika Plano, mji jirani, kwenye nyumba ya ghorofa moja iliyojengwa mwaka 2003. Mwenye nyumba ni mhasibu anayefanyia kazi nyumbani, na chumba chake cha kazi kiko juu, pembe ya mbali kabisa na ruta, hivyo kila akiwa kwenye mkutano picha hukwama. Ameniita baada ya kugundua kwamba ana soketi za simu katika vyumba vitano na hana simu ya mezani hata moja. Anadhani kazi ni kubadilisha soketi tu. Mara nyingine huwa hivyo kweli, lakini jibu halimo kwenye soketi; limo nyuma yake, na huwa siahidi chochote kabla sijaliona.

Nafungua skrubu mbili na kuuvuta mfuniko. Ndani inatokea kebo ya buluu yenye nyaya nane nyembamba, lakini ni mbili tu zilizofungwa kwenye soketi, yaani waya wa buluu na mwenzake mweupe wenye mstari wa buluu. Zile sita zilizobaki zimezungushwa kwenye ganda la kebo kama uzi kwenye kibiringo, na hazijaguswa tangu nyumba ijengwe. Namulika ganda kwa tochi na kusoma maandishi madogo yaliyochapwa juu yake: CAT 5E. Hapo natabasamu, kwa kuwa kebo ya daraja hilo hubeba megabiti 1,000 kwa sekunde hadi mita 100, na hakuna chumba cha nyumba hii kilicho mbali kiasi hicho. Mwaka 2000 FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, ilitaka nyaya mpya za simu za ndani ya nyumba ziwe angalau za daraja la Cat 3, lililo chini ya hilo. Wajenzi wengi walipita kiwango hicho na kuweka Cat 5e, kisha wakaitumia kwa simu peke yake. Ni kama kujenga barabara ya njia nne ili apite mwendesha baiskeli mmoja.

Swali la pili ni kebo zimepita wapi. Saa tatu tunakuta kisanduku cha chuma ndani ya kabati la nguo, na kebo zote tano zinaishia humo, kila moja ikitoka chumbani kwake moja kwa moja. Hii ndiyo habari njema ya siku. Katika kisanduku hicho zote zimegongelewa, yaani zimebanwa kwa kifaa maalumu, kwenye kibao kimoja kinachoziunganisha, kwa kuwa simu tano zinaweza kutumia laini moja bila kugombana. Intaneti haikubali ushirika huo: kila kebo inataka iwe na njia yake peke yake, kutoka chumbani hadi kwenye swichi ya mtandao, kifaa kinachogawa intaneti kwa kebo nyingi.

Kabla ya kugusa kitu natoka nje hadi kwenye kisanduku cha kijivu kilichopigwa ukutani, ambamo laini ya kampuni ya simu huingilia, na kuitenganisha na nyumba. Laini ya simu hukaa na volti 48 hivi, ambazo mtu hazisikii sana, lakini simu inapoita hupanda hadi volti 90. Katika mwaka wangu wa kwanza niliumwa na mlio wa namna hiyo nikiwa juu ya ngazi, na tangu hapo sisadiki mteja anaponiambia laini ilikatwa zamani. Namuuliza pia kama kengele ya wezi hupitia laini ya simu, maana ukiikata bila kujua utakuwa umeiacha nyumba bila mlinzi. Yake hutumia mtandao wa simu za mkononi, kwa hiyo tunaendelea.

Saa nne, baada ya kuzing'oa kebo zote kwenye kibao kile, kijana anachomeka kifaa cha mlio katika kila soketi ya simu, nami kabatini napitisha kalamu yake ya kusikilizia juu ya kebo hadi moja ipige kelele.

"Kaka, hii ni ya jikoni?"

"Ya jikoni. Iandike sasa hivi, usiiweke kichwani."

Baada ya hapo tunagongelea nyaya nane zote, pande zote mbili, kwa mpangilio wa rangi uitwao 568B. Ukiufuata mpangilio wa 568A kazi itakwenda sawasawa vilevile, ilimradi ncha zote mbili zilingane. Ninachosimamia kwa ukali ni msokoto. Nyaya mbili za kila jozi zimesokotwa pamoja ili mwingiliano wa umeme uzipige zote mbili kwa usawa na hivyo ujifute wenyewe. Ukizifumua zaidi ya milimita 13 karibu na soketi, unaanza kuiharibu kebo kwa mikono yako.

Kebo ya chumba cha kazi inakataa kipimo chetu chenye taa nane, moja kwa kila waya: taa ya saba haiwaki. Nafungua tena soketi na kukuta waya mweupe wenye mstari wa kahawia umekatwa na kisu changu mwenyewe nilipokuwa nikimenya ganda. Napunguza sentimita tano, nagongelea upya, na taa zote nane zinawaka. Saa sita mhasibu anachomeka kompyuta yake na kupata kasi yote anayoilipia.

Saa nane mchana tuko Garland, mji mwingine wa jirani, kwa mama mmoja muuguzi, mwenyeji wa Moshi, aliyeamka muda si mrefu baada ya zamu ya usiku. Nyumba yake ni ya miaka ya 1970.

"Karibu mwanangu. Nimeshanunua soketi sita, wewe ni kufunga tu."

"Ahsante mama, ngoja kwanza nione ukutani."

Nafungua ya kwanza na kuziona nyaya nne: nyekundu, kijani, nyeusi na njano, zimelala sambamba bila msokoto wowote, na kebo inaruka kutoka chumba hiki kwenda kingine badala ya kurudi mahali pamoja. Kuvuta kebo mpya kwa kuifunga kwenye ya zamani nako haiwezekani, kwa kuwa ya zamani imepigiliwa kwenye mbao ndani ya kuta. Kumfungia soketi zake kungekuwa kumwibia. Namwonyesha badala yake kebo nene ya televisheni inayofika sebuleni na chumbani kwa mwanawe: jozi ya vifaa vya MoCA, kimoja kila upande, inaweza kupitisha intaneti humo, pamoja na kichujio kidogo pale kebo inapoingilia nyumbani ili mawimbi yasimfikie jirani. Namtoza gharama ya safari tu. Anaguna, kisha anatuletea maandazi.

Saa kumi na mbili jioni, kwenye gereji yangu, kijana anajifunza kufunga vichwa vya kuchomekea kwenye kipande cha kebo kilichobaki. Amezipanga nyaya jozi baada ya jozi, moja na mbili, tatu na nne, sawasawa pande zote mbili, na kipimo chetu cha taa kinamsifu kuanzia moja hadi nane. Nachomeka kwenye kompyuta; mtandao unashika, unaachia, unashika tena. Namwambia taa huonyesha tu kwamba waya umefika, si kwamba umesokotwa na mwenzake, kisha aangalie jozi ya kijani, ambayo inapaswa kukaa kwenye tatu na sita, ikiipisha ya buluu katikati. Anaitazama kebo, anaitazama taa iliyomdanganya, kisha anachukua koleo na kukata vichwa vyote viwili.