Jumapili ya debe la viazi

Tarehe 9 Oktoba 2022 ilikua Jumapili, na najua kabisa nilikua wapi saa kumi na dakika ishirini jioni maana meseji ya muamala ipo, nilikua soko la Mwanjelwa hapa Mbeya nalipia debe la viazi kwa simu baada ya kubishana bei na yule mama mpaka akaniambia ticha we nunua au uniachie wateja wengine. Sasa wakati nabonyeza namba ya siri ndo huo huo wakati mwanga wa mlipuko mkubwa wa miale ya gama, ule mwanga wenye nguvu sana usioonekana kwa macho, ulikua unatumwagikia pale sokoni kutokea kaskazini mashariki, juu ya mapaa kama nusu ya njia kufika utosini, mimi na yule mama na bajaji zote. Hatukuhisi chochote, miale ya gama inaishia juu kwenye angahewa, haifiki chini. Ila mie nilikua na sababu ya kujua kuliko wote pale, na hapo ndo hadithi yangu inapouma.

Nafundisha fizikia sekondari, nakaa Uyole, na nina darubini ya kioo cha inchi 6 niliyouziwa na mzungu mmoja aliekua anarudi kwao. Mwaka 2021 nilisoma kwamba darubini za H.E.S.S. pale Namibia zilifuatilia mlipuko wa namna hiyo wa Agosti 2019 usiku tatu mfululizo, nikasema kama Namibia hapo wanafukuzia hivi vitu na mie ngoja nijiandikishe kupokea taarifa. Kuna mtandao unaitwa GCN, setilaiti ikiona mlipuko inatuma habari dunia nzima ndani ya sekunde au dakika chache, watu wageuze darubini haraka kabla mwanga unaobaki haujafifia. Unaingia kwenye barua pepe yako kama ujumbe wa kawaida tu. Mwanzoni nilikua naruka kitandani kila ukiingia, baada ya mwezi nikawa nazisoma kama matangazo ya kampuni za simu.

Jioni ile nilitoa darubini uani kwa ajili ya watoto wa mtaa. Mwezi ulikua mpevu kabisa, umetoka mwekundu kwa ule moshi wa mashamba yanayochomwa Oktoba, na Jupita ilikua imeng'aa pembeni yake, mwaka ule ilikua imetusogelea kuliko miaka 59 iliyopita. Foleni ya watoto kama ya kisima. Kuna kabinti kamoja kalikataa kushuka kwenye stuli, kanasema mwezi unatetemeka, mwalimu umeushika vibaya. Simu ikatetemeka mfukoni. Nikasoma: setilaiti ya Swift imeona kitu kipya king'avu sana, kimepewa jina Swift J1913.1+1946, kiko usawa wa kundi la nyota la Mshale, karibu kabisa na ule mkanda wa galaksi yetu. Na kwa kua kiko kwenye mkanda, maelezo ya mwanzo yalielekea kwamba ni kitu cha humu humu ndani ya galaksi.

Nikasema aah, mambo ya nyumbani. Nikarudisha simu mfukoni nikamwambia anayefata apande.

Naomba muelewe hili. Lile eneo lilikua upande wa kaskazini, juu ya safu ya Loleza, limepanda nyuzi kama sitini hivi, hakuna mti wala paa, na darubini ilikua imeshasimama tayari imetazama juu. Ningeigeuza tu. Lakini nilikua naonyesha mwezi, halafu mama watoto akaita viazi vimeiva.

Jumatatu mapumziko ya saa nne nikafungua simu staff room, nikakuta ujumbe umejaa. Kumbe setilaiti nyingine, Fermi, iliona mlipuko kutoka pale pale karibu saa nzima kabla ya Swift, saa kumi na dakika kumi na saba kwa saa zetu, na kilele chenyewe kikaja dakika tatu na kitu baadae, mwanga mwingi mpaka vipimio vya Fermi vikazidiwa. Hata lile tabaka la juu la angahewa lilisukwasukwa, mawimbi ya redio ya masafa ya chini yakabadilika. Na usiku ule ule, mie nimelala, ile darubini kubwa ya Very Large Telescope kule Chile ikauchambua mwanga wake ikapata umbali: mwanga ulikua njiani miaka kama bilioni 1.9. Nyota kubwa ilikufa huko, kiini kikaporomoka kikawa shimo jeusi, likarusha mkondo wa mwanga umetuelekea sisi usoni. Wataalam wakaupa jina GRB 221009A, baadae la utani BOAT, kifupi cha Brightest Of All Time, yaani mkali kuliko yote, na walipopiga hesabu wakasema mlipuko wa namna hii unatufikia labda mara moja kwa miaka 10,000. Nilipomsimulia mama watoto hilo la BOAT akasema mashua kazitafute bandari ya Itungi, hapa tuna deni la duka.

Chai ilinipoa mkononi. Nikamtafuta dogo mmoja wa form six, yule anayejua kompyuta, nikamwambia leo usiku. Akasema ticha, sa ngapi nibebe stendi.

Nikueleze shida ya kupiga picha za nyota Mbeya. Ili darubini ifuate nyota lazima mhimili wake uelekee kwenye ncha ya anga, na kwetu ncha ya kusini iko nyuzi 9 tu juu ya upeo, yaani imejificha nyuma ya milima ya Uporoto, huioni, na hata ungeiona hakuna nyota ya maana pale. Halafu stendi zenyewe zimetengenezwa kwa watu wanaokaa mbali na ikweta, ukiinamisha mpaka nyuzi 9 kile chuma cha uzito kinagonga mguu. Mie huwa nainua mguu mmoja kwa kipande cha mbao ya mlingoti, kimechakaa mpaka kimepata shimo la mguu, watoto wangu wanakiita kiatu cha darubini. Siku ile kiatu hakionekani. Tumetafuta nusu saa. Kumbe mama watoto alikua amekiweka chini ya jiko lisiyumbe.

Tukapata giza dakika chache tu, mwezi ukachungulia saa moja na kitu, mkubwa vile vile kama jana. Mota ya darubini inatumia betri ya pikipiki, afadhali, maana umeme nao ukakatika. Dogo akahesabu kutoka nyota ya Altair kurudi kaskazini, akapatia eneo mara ya tatu. Tukapiga picha 64 za sekunde thelathini thelathini. Mzee jirani, Mnyakyusa wa Rungwe, akasogea ua akauliza mwalimu unatafuta nini gizani na mtoto wa watu, nikamwambia mlipuko wa jana mzee, akatazama juu muda mrefu kisha akasema, mbona pametulia.

Usiku wa manane dogo akazibandika zile picha zote moja juu ya nyingine kwenye laptop yake, na pale katikati, karibu kabisa na vipimo vya mahali, kikatokea kidoa. Alipiga kelele mtoto akaamka. Mie moyo ulikua unadunda lakini nikasema subiri, tukafungua ramani ya anga yenye picha za zamani, zile zilizopigwa miaka mingi nyuma kabla hata hatujazaliwa, tukaweka sambamba. Kidoa kipo. Kwenye picha ya zamani, pale pale. Nyota ya kawaida tu, inajikalia.

Pembeni yake kidogo, pale hasa penyewe, hamna kitu. Mwezi ulikua mkali, vumbi la galaksi yetu limekunywa sehemu kubwa ya mwanga njiani, na siku moja imepita. Jana yake, labda. Siku ya Nyerere, tarehe 14, tulipata giza zuri mpaka saa nne, ila ilikua imeshafifia, kwa kioo cha inchi 6 haipo.

Dogo akasema, kwahiyo ticha tumepiga picha nyumba, mwenyewe katoka.

Picha ninayo kwenye flashi. Ile meseji ya muamala pia nimeipiga skrinshoti, saa inaonekana vizuri. Viazi vyenyewe vya juu tu ndo vilikua vikubwa, chini kule yule mama alijaza vya mbegu.