Pipa langu halipepewi

Nimekulia kwenye jiko la mkaa, na jiko la mkaa likizubaa unalipepea. Kwa akili hiyo hiyo niliharibu paja zima la mbuzi siku ya kwanza ya pipa langu la kupikia nyama kwa moshi.

Pipa lenyewe ni la lita 200, lilikuwa la mafuta ya kula. Fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, alinitobolea matundu matatu kwa chini: mawili yana vizibo, moja lina koki kama ya bomba la maji. Mkaa unakaa kwenye kikapu cha chuma chenye miguu, majivu yasije yakaziba hewa. Fundi alitaka wavu wa nyama uwe wa waya wa mabati, nikakataa, maana zinki ikiungua moshi wake ni sumu. Nikakoka kuni ndani, moto mkali, mpaka rangi yote ya ndani ikababuka. Hapo nilijiona mtaalamu.

Basi nikawasha mkaa wote kama wa kuchemshia maharage, nikapepea mpaka ukawa mwekundu, nikaweka paja, nikafunika. Kipimajoto kikasoma 190. Kila baada ya dakika kumi nafunua nichungulie, na kila nikifunua mkaa unapata hewa, nikifunika moto unazidi. Nje paja likawa jeusi, kwenye mfupa bado damu. Mama akaligeuza kwa uma, akaniuliza, "Baba, hii umeichoma au umeiadhibu?"

Siku hizi najaza kikapu mkaa wa baridi, tena nimeuchekecha kwanza, kwa sababu chenga za mwisho wa gunia huziba njia ya hewa. Vipande kumi na viwili tu ndivyo nawasha kwenye jiko la kawaida, navimwaga katikati. Moto unajisambaza wenyewe polepole. Ninachotaka ni nyuzi 110 hadi 120. Kwa hiyo kipimajoto kikigusa 90 naanza kufunga: vizibo viwili kabisa, koki nusu. Nikisubiri kifike 115 ndiyo nifunge, nimeshachelewa, kitapanda hadi 140, na kukishusha ni kazi ya saa nzima. Nikigusa koki nakaa robo saa bila kuigusa tena. Hiyo robo saa ndiyo ngumu kuliko yote, mkono unawasha.

Moshi nao una lugha yake. Ule mweupe mzito wa mwanzo unaacha uchungu kwenye nyama, nausubiri upungue mpaka uwe mwembamba, wa kama bluu. Kuni natumia mwembe mkavu, vipande viwili vya ukubwa wa ngumi. Upepo wa kusi ukivuma nageuza pipa, koki itazame ukuta.

Jumamosi iliyopita nilipika kidari cha ng'ombe, kilo nne. Saa tano kasoro asubuhi nyama ilisoma nyuzi 68 kwa ndani. Saa sita, 68. Saa saba na nusu, 69! Moto uko sawa, nyama haipandi. Inatoka jasho, na jasho likikauka linaipoza, kama mtu aliyetoka kubeba zege. Zamani ningefungua koki yote. Safari hii niliifunga nyama kwenye foili, nikairudisha, ikafika 95 saa kumi na robo. Kijiti cha mshikaki kikapenya kama kwenye parachichi. Nikaizungushia taulo, nikailaza kwenye deli itunze joto saa nzima, huku watoto wakinizunguka kama paka wa soko la samaki la Feri.

Mama alipoonja hakusema kitu, alisogeza sahani tena.

Jioni nilifunga koki na vizibo vyote, nikaziba na tundu la moshi juu. Asubuhi nikakuta karibu nusu kikapu ya mkaa imebaki. Nikauhamishia jikoni kuchemshia chai, na huko nikapepea nilivyotaka.