Binti yangu, fo-wili na theluji ya McLean Creek

Hapa Alberta, Kanada, mtoto wa miaka 14 anaruhusiwa kushika usukani. Anajibu maswali 30 kwenye kompyuta, akipata 25 anapewa leseni ya kujifunzia. Masharti ni kwamba pembeni yake akae mtu mzima mwenye leseni kamili, na asiendeshe kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Binti yangu aliipata Novemba, na tangu hapo nyumbani hapakaliki. "Baba, lini? Baba, leo?"

Wazazi wengi wa Calgary, jiji letu, huanzia kwenye maegesho ya maduka, Jumapili asubuhi. Mimi nikasema tunaenda porini. Mama yake aliguna tu, na mguno wa mke wangu ni hotuba nzima.

Sababu ninayo. Ujana wangu niliumalizia kwenye utingo, malori ya Sumbawanga kwenda Mpanda, enzi ambazo barabara ile haijaona lami. Masika yakikolea, udongo mweusi wa mbuga za Katavi ulikuwa unameza Fuso hadi kwenye difu. Kule niliona madereva wa kila aina, na niliona kwamba gari likianza kuteleza, adui wa kwanza wa dereva ni mguu wake mwenyewe. Anashtuka, anabana breki, kwisha habari. Sasa mtoto atakayeendesha kwenye barafu za nchi hii atashtuka tu, hakuna ujanja. Bora ashtukie mahali ambapo mbele yake hakuna gari la mtu wala basi la shule.

McLean Creek iko magharibi mwa jiji. Unapita Bragg Creek, unashika barabara ya 66 kuelekea milimani. Ni ardhi ya serikali iliyotengwa kwa ajili ya pikipiki za matope na fo-wili. Ila usiingize tairi kwenye maji. Vijito vya kule vinamwaga kwenye mto Elbow, Elbow unajaza bwawa la Glenmore, na sehemu ya maji ya mabomba ya Calgary inatoka Glenmore. Madaraja yapo, pita darajani. Kuna watu hawajali, alama za tairi zao unaziona zimeshuka hadi mtoni, na baadaye wanakunywa tope lao wenyewe.

Tulikwenda na magari mawili, maana kuingia pori la baridi na gari moja ni kujitakia, na simu huku mtandao unakuja na kukata. Gari la pili lilikuwa la jirani yetu wa Bukavu, ambaye Kiswahili chake binti yangu anakipenda kuliko changu.

Kazi ya kwanza ni upepo. Kwenye lami tairi zetu zinakaa psi 35, kile kipimo cha upepo, tukashusha hadi 18. Binti akaona natania. "Baba, si tutaziua?" Nikamwambia achuchumae aangalie. Tairi likilegea linalala, sehemu inayogusa chini inarefuka, gari linapita juu ya theluji badala ya kuichimba. Kisha gia nzito, ile ya 4L, na zile kompyuta za kuzuia kuteleza tukazizima.

"Haya mama, twende." Namwita mama kwa sababu amebeba jina la mama yangu.

Kupanda alipanda vizuri. Kushuka ndiko kulikokuwa na shule. Gari likakaa upande, akabana breki kwa nguvu zote, na gari likaendelea na safari yake bila kumshirikisha. "Achia! Achia breki, mama! Usukani upeleke unakotaka kwenda!" Akaachia, tairi zikashika, gari likanyooka. Akaniangalia macho yamemtoka, halafu akacheka. Nikamgeuza akarudie kilima kilekile hadi mguu ukaacha kumkimbilia kwenye breki.

Baada ya hapo alijiona mwenyeji, akatoka kwenye alama za gari la mbele, akazama kwenye theluji iliyorundikwa na upepo. Akakanyaga mafuta, tairi zikalia. Nikamzimisha. Kwenye tope letu la Katavi wakati mwingine unalipiga gesi tairi liteme udongo, lipate meno. Hapa ni kinyume. Kila mzunguko unayeyusha kidogo, panaganda tena, na unazidi kujitengenezea barafu. Tulipofukua, chini ya tairi pamesuguliwa hadi panang'aa, glavu inateleza juu yake.

Nilimwanzisha kwenye bomba la moshi. Likizibwa na theluji na injini inawaka, moshi unaingia ndani, na sumu yake haina harufu. Kisha tumbo la gari, maana chasisi ilikuwa imekalia theluji na tairi zinaelea. Alipiga beleshi kwa bidii hadi nikamwambia afungue zipu ya koti. Ilikuwa nyuzi 15 chini ya sifuri, na jasho likipoa mwilini huko nje unaanza kutetemeka kabla hujamaliza kazi. Mwisho tukavunja ile barafu mbele ya kila tairi.

Jirani akaleta kamba, ile ya nailoni inayovutika. Binti akataka kuitundika kwenye mpira wa chuma wa kuvutia tela. Tukapiga kelele wote wawili. Mpira ule ukikatika kamba imekazwa, unaruka kama risasi, na watu wamekufa hivyo. Kamba inafungwa kwenye ndoano ya chasisi, na kila mtu anakaa mbali.

"Ongeza kidogo, mutoto, usiogope!" jirani akapaza sauti dirishani. Gari likachomoka.

Tulikunywa chai ya tangawizi kwa haraka, maandazi yameshakuwa magumu. Desemba huku saa kumi na nusu jioni jua halipo. Tukachomeka kompresa, binti akajaza upepo tairi zote na kupima mwenyewe, maana kukimbiza tairi la 18 kwenye lami ni kuliua. Usukani wa kurudi nilichukua mimi. Hakubishana, alikuwa amechoka mikono.

Jirani ameahidi kwamba safari ijayo atampa gari lake, la gia za mkono na lisilo na kompyuta yoyote. Mama yake bado hatujamwambia.