Mheshimiwa ana kisukari, na mimi ni fundi cherehani tu

Mimi nashona nguo. Nina cherehani mbili na meza ya pasi hapa Chang'ombe, Dodoma, na hayo ninayoyaandika nimeyapata kwa kukosea, si kwa kusomea. Naandika kwa sababu nimechoka kusikia watu wakishauriana upuuzi kuhusu paka, na mwingine niliupokea mimi mwenyewe nikautekeleza.

Paka wetu anaitwa Mheshimiwa. Tulimpa jina hilo akiwa mdogo, maana alikuwa analala kikao kizima, akisikia mlio wa sahani anaamka kuunga mkono hoja. Dume aliyehasiwa, kilo saba na ushee, mlaji wa ugali wa mchuzi wa dagaa, chapati, wali, hata makombo ya maandazi. Wateja walikuwa wanamsifia unene wake na mimi najiona natunza.

Halafu akaanza kunywa maji ya kwenye beseni langu la kulowekea kitambaa cha pasi. Si kulamba, kunywa, kama punda wa maji aliyetoka kisimani. Vipande vya nguo chini ya meza vikawa vinalowa mkojo kila siku. Anakula kuliko zamani lakini mgongo umetoka mifupa. Kilichonitisha zaidi ni miguu ya nyuma: alianza kutembea na visigino vimelala chini, kama mtu aliyevaa kandambili kubwa kuliko mguu.

Ushauri ulimiminika. Dawa ya minyoo (nikampa, mara mbili). Mlonge. Mwarobaini. Jirani mmoja akaniambia, "Mnyime maji, dada, ataacha kukojoa." Huyo nilimsikiliza nusu siku nzima, na mpaka leo nikikumbuka paka alivyokaa mbele ya beseni tupu akinitazama, najisikia vibaya. Kumbe hanywi ndipo akojoe; sukari ikijaa kwenye damu inamwagikia kwenye mkojo na kuvuta maji kutoka, ndiyo maana ana kiu. Ukimnyima unamkausha.

Daktari wa mifugo niliyempata ni kijana aliyesomea SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Akamtoboa sikio, mashine ya kupima sukari ikasoma 24 na kitu (milimoli kwa lita). Mimi nikaanza kulia. Yeye akasema subiri kwanza, mama, huyu kaja ndani ya kikapu juu ya bodaboda, na paka akiogopa sukari inaruka hata kama ni mzima. "Niletee mkojo wake."

Mkojo wa paka! Nenda kaukinge. Nilimfuata na kijiko siku mbili, kila nikikaribia anasimama na kuondoka kwa heshima zake. Mchanga wa kwenye karai lake unanyonya kila tone. Usiku wa pili, nikiwa napanga vifungo vya mashati ya shule, nikapata akili. Nikaosha karai, nikamwaga humo vifungo vya plastiki, vile vyeupe vidogo, labda vya elfu nne hivi, robo ya karai. Vifungo havinyonyi. Asubuhi Mheshimiwa akaingia, akavichakura chaka chaka chaka kama mtu anayehesabu chenji, akamaliza haja yake. Nikainamisha karai, mkojo ukaja upande mmoja safi kabisa. Daktari alichovya kile kijiti chake cha rangi, sukari ikaonekana imejaa, akachungulia na ketoni, yale mabaki yenye sumu ya mwili unaochoma mafuta badala ya sukari, hakuna. Hapo ndipo akasema ni kisukari kweli. (Vifungo nilivichemsha. Na havikuwekwa kwenye shati la mtu yeyote, msiniulize tena.)

Dawa tuliyoanza nayo ni insulini wanayotumia binadamu, ile inayoitwa glargini, iliyo angavu kama maji na isiyotikiswa. Uniti (kipimo cha insulini) moja asubuhi, moja jioni, zipishane saa kumi na mbili. Hilo la muda kwa sisi Waswahili ni rahisi kuliko kwa mtu mwingine yeyote: saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, basi. Kichupa kiliagizwa kutoka Dar, kikaja na treni kwenye chupa ya chai yenye barafu iliyofungwa kwenye taulo. Bei sitaki hata kuikumbuka, ilikuwa kama gauni mbili za harusi za mshono wa kawaida.

Sindano yenyewe nilidhani ndiyo kazi yangu. Miaka yote hii nashika sindano! Siku ya kwanza nikavuta ngozi ya ubavuni ikasimama kama hema, nikapenyeza, nikabonyeza, nikajipongeza. Mkono wangu wa upande wa pili ukalowa. Nilikuwa nimepitiliza ngozi zote mbili kama napiga pindo, dawa yote ikaishia kwenye manyoya. Insulini ina harufu ya hospitali, kwa hiyo siku hizi nikimaliza nanusa. Manyoya yakinuka, ujue hajapata, au kapata nusu, na hapo hurudii kumchoma, unasubiri zamu ijayo. Daktari alilisisitiza hilo mpaka nikaliandika kwa chaki ya fundi ukutani.

Sasa kupima damu nyumbani. Mashine ilikuwa ya mama mkwe. Ana kisukari yeye pia, anameza vidonge, na wakati huo alikuwa amekuja kwetu kutoka Mvumi kwa ajili ya kliniki yake. Nikaazima mashine bila kuomba, na stripu pia, vile vijiti vya mashine vinavyonyonya damu. Visindano vya kutobolea nilinunua vyangu, hivyo havichangiwi hata kati ya watu sembuse paka. Baada ya wiki mama akanihoji, "Mwanangu, stripu zangu zinaliwa na panya?"

"Hapana mama. Zinaliwa na paka."

Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini kwanza alinisema, na alikuwa na haki.

Kumshika ndiko kulikonishinda. Kwanza nilimfunga kwenye kanga kama mtoto mchanga. Akatoka upande wa miguu, kanga ikabaki na umbo lake. Nikasema mimi ni fundi, nitamshonea. Nilikata dangirizi, nikaweka zipu mgongoni, kola yenye kamba ya kukaza shingoni, na mfuko mdogo wa kuingiza mkono. Nilikaa na kazi hiyo jioni mbili, mteja wa suti akaambiwa umeme ulikatika. Ilikuwa kazi nzuri, niseme ukweli, hata bitana niliweka. Nikamwingiza, nikafunga zipu, nikaona mkia unatoka kwenye kola. Alikuwa amejigeuza humo ndani. Nikafungua, nikamweka sawa, nikafunga. Safari hii akatulia kimya, mimi nikainama na kisindano, akaniuma pua. Gauni hilo sasa ni mfuko wa vitunguu.

Dawa ya jambo hilo ilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Dodoma kuanzia Juni asubuhi ni baridi ya upepo, na kila nikimaliza kupiga pasi ya kwanza, Mheshimiwa huja kulala juu ya meza palepale pasi ilipopita, kwenye blanketi lenye joto. Siku moja nilimwangalia kalala pale, sikio limesimama, jekundu kwa joto, nikasema ala! Mtu kajileta mwenyewe. Tangu siku hiyo simkamati. Saa kumi na mbili kasoro napasha blanketi kwa pasi (naligusa kwanza kwa kifundo cha mkono wangu), anapanda. Nakunja kitambaa cha moto, nakibana sikioni kama dakika moja, maana sikio la baridi halitoi damu hata ulitoboe kama chujio. Nawasha tochi ya simu nyuma ya sikio, mshipa unaonekana pembeni kama uzi mwekundu kwenye kitambaa chepesi. Napaka mafuta ya mgando, kidogo tu. Bila mafuta damu inatawanyika kwenye manyoya, ukiyapaka inasimama tone zima kama shanga. Pamba nyuma ya sikio usijitoboe kidole. Natoboa pembeni kidogo ya mshipa, stripu inanyonya, nabana sikio kwa pamba, anapewa kipande cha kuku. Hilo la kuku usilisahau hata ukiwa umechelewa kwenda wapi.

Mashine za binadamu husoma damu ya paka chini kidogo ya ilivyo, kwa hiyo daktari alinikataza kushangilia au kulia kwa namba moja. Alichotaka ni mstari. Basi Jumapili moja nilipima kila baada ya saa mbili tangu asubuhi mpaka jioni, nikachora kwenye karatasi la kaki ninalokatia mitindo. 21 asubuhi, ikashuka, saa sita mchana ikafika 13, ikaanza kupanda. Nikaunganisha kwa rula yangu ya kukatia kwapa, ikatoka kama kwapa la shati lililolazwa. Daktari akaibandika ukutani kwake. Tukapanda uniti moja na nusu, baadaye mbili, kila hatua tukingoja wiki nzima, na chakula kikabadilika polepole: dagaa wa kuchemsha wasio na chumvi, vichwa vya perege wa Mtera, mapafu, kuku. Ugali marufuku. Alinionya nisikate ugali ghafla bila kupima, maana wanga ukiondoka sukari inashuka, na dozi ya jana inakuwa kubwa mno leo.

Na sasa lile lililonizeesha.

Sindano za kifuniko cha rangi ya chungwa ziliniishia. Nikaingia duka moja la dawa, silitaji, nikapewa zenye kifuniko chekundu. Nikauliza mbona rangi nyingine. Nikajibiwa, "Za insulini zote ni zilezile, mama, rangi tu." Saa kumi na mbili nikavuta mpaka mstari wa mbili kama kawaida. Niliona dawa imekuwa nyingi kidogo kwa macho. Niliona! Fundi wa miaka yote hii, jicho likaniambia, nikalinyamazisha kwa sababu nilikuwa na magauni sita ya kitchen party.

Kichupa changu kina uniti 100 kwa kila mililita, na sindano za chungwa zimechorwa kwa dawa hiyo. Zile nyekundu zimechorwa kwa dawa nyepesi, ya uniti 40 kwa mililita. Kwa hiyo mstari wa mbili wa sindano nyekundu, ukiwa na dawa yangu, ni uniti tano. Mafundi wenzangu mtanielewa haraka: mtu kakwambia sentimita mbili, wewe ukakata inchi mbili. Kosa ni karibu lilelile, na kitambaa hakirudi.

Saa nne asubuhi alishuka mezani akaanguka ubavu. Akasimama, akayumba kama mlevi, mate yanatoka, macho yamekuwa meusi yote. Nikapima mikono inatetemeka: 1.9. Mama mkwe ndiye aliyekuwa na akili. Hakuuliza, alikwenda chumbani akarudi na asali yake ya Manyoni, akachovya kidole, akampaka kwenye fizi. "Usimmiminie, atapaliwa. Mpake." Yeye mwenyewe sukari imewahi kumshuka, anaijua. Tukapaka, tukapaka, baada ya robo saa akalamba mwenyewe. 3.4. Tukampa kuku, tukapanda bajaji kwa daktari, na siku ile nilipima kila nusu saa mpaka masikio yake yakawa kama kitambaa kilichofumuliwa. Dawa hii inakaa mwilini saa nyingi, asali inaisha mapema, kwa hiyo akiinuka hujamaliza. Sindano ya jioni daktari alisema tusimchome.

Magauni sita hayakumalizika. Sindano nyekundu nilizirudisha dukani na maneno yangu, na maneno hayo siyaandiki.

Mengine ni madogo. Kichupa cha kwanza kiligandia karibu na barafu ya friji, nikakitupa. Insulini iliyoganda haifai hata ikiyeyuka. Umeme ukikatika natumia mtungi: chungu ndani ya chungu kikubwa, mchanga mbichi katikati, kitambaa kilicholowa juu, kichupa ndani ya kopo kisilowe. Kwa upepo mkavu wa Dodoma wa Septemba ule mtungi unapoa mpaka unashangaa, ila masika hauna nguvu. Akikataa kula asubuhi, simchomi kabla sijampigia daktari. Na siku hizi kila sindano naisoma namba, hata kama nimetoka kuifungua boksi lilelile.

Visigino vilichukua kama miezi minne kuinuka. Nilijua vimepona siku aliporuka kutoka chini mpaka kwenye meza ya pasi bila kupitia kiti, akatua juu ya suti ya watu. Sasa yuko uniti moja, mara mbili kwa siku, kilo tano na nusu.

Mama mkwe alitakiwa kurudi Mvumi baada ya kliniki. Hajarudi. Saa kumi na mbili asubuhi anakaa kwenye kiti kando ya meza ya pasi, kidole kimeoshwa, anasubiri zamu yake baada ya paka. Jana Mheshimiwa alikuwa 7.1, yeye 9.8.

"Huyu hanywi chai," akasema, akivuta kikombe chake mbali na mkono wangu. "Usitulinganishe."