Sauti ya Ijumaa Kuu

Haya jamani, nimerudi. Najua niliwaahidi posti ya mdogo wangu, na kweli kajifungua salama, mtoto wa kiume, wote wazima, na mimi huku nimehamishwa kitengo, barua nimeipata Jumanne, lakini hayo yote subirini kwanza. Leo nina neno moja limenikaa kooni na nisipoliandika sitalala.

Mwalimu wa kwaya, yuleyule wa penseli sikioni, kaniambia: "Dada, wewe sauti yako ni ya Ijumaa Kuu."

Basi, ndo hivyo tu.

Tulikuwa tunagawana nafasi. Pasaka hii tuna kazi mbili, Ijumaa zile nyimbo za mateso, Jumapili Haleluya ya Handel, yule mtunzi wa zamani, afu mwishoni zile nyepesi za kuchangamsha watu, na katika hizo nyepesi kuna moja ina mbio, sauti ya kwanza inapanda juu inacheza huko peke yake, nimeifanyia mazoezi mpaka kitinda mimba wangu anaijua kuliko mimi. Nikanyoosha mkono nikaomba solo ya pale. Mwalimu alikuwa anahangaika na noti zake, ile pini ya katikati imetoka siku nyingi, karatasi zinamponyoka, hata hakuniangalia usoni. "Dada, wewe sauti yako ni ya Ijumaa Kuu. Jumapili nitakuweka huku nyuma na wenzako wa sauti ya pili." Akalamba kidole, akaipata karatasi yake, akageukia wanaume.

Na mimi nikajibu, "Asante mwalimu."

Asante ya nini sasa?! Mtu kakuambia una sauti ya kaburini na wewe unashukuru. Tangu siku hiyo naijibu upya. Bafuni namjibu kwa upole, "Mwalimu, unamaanisha nini?" Kwenye foleni namjibu kwa ukali kidogo, "Na wewe mwalimu sauti yako ni ya siku gani?" Usiku wa manane ndo nakuwa mkali kweli, nasema maneno ambayo siwezi kuyaandika humu, mama anasoma.

Mume wangu nilimsimulia akasema, "Si kakusifia?"

"Kanisifia wapi, kaniambia nina sauti ya msiba."

"Hajasema msiba."

"Kwani Ijumaa Kuu ni nini, harusi?"

Akaomba rimoti.

Basi nikaamua kutafuta ushahidi. Manake nilishajiambia siku nikikutana na mwalimu nitamweleza taratibu kwamba furaha ya Pasaka haina sauti yake maalumu, na ushahidi kwa kweli upo tele. Mchukueni Bach, yule mtunzi wa zamani wa Ujerumani. Februari 1725 aliandika muziki wa bethdei, yani bethdei kabisa, ya mtawala mmoja anaitwa Christian wa Sachsen-Weissenfels, hadithi ni ya wachunga kondoo wanaitana twendeni twendeni kwenye sherehe. Tarehe 1 Aprili mwaka huohuo, Jumapili ya Pasaka, muziki ule ukaimbwa kanisani Leipzig ukiwa na maneno mengine, na wale wachunga kondoo wawili wamegeuka Petro na Yohana wanakimbilia kaburini. Mbio ni zilezile! Ndo kazi ambayo leo tunaiita Oratorio ya Pasaka, yani hadithi ya dini inayoimbwa mwanzo mpaka mwisho. Sasa niambieni, mwimbaji aliyeimba Februari aliambiwa sauti yako ni ya keki?

Afu kuna hii nyingine nimecheka peke yangu mpaka mtoto akaja kuuliza. Zamani, hasa upande wa Bavaria huko Ujerumani, wahubiri walikuwa na desturi ya kuchekesha watu kanisani siku ya Pasaka, walikuwa wanaiita kicheko cha Pasaka, mhubiri anatoa vichekesho mimbarini, wengine wanaiga hadi sauti za ndege na wanyama. Mwanateolojia mmoja, Oecolampadius, mwaka 1518 akaandika barua nzima ya kuilalamikia desturi hiyo. Nikamwona kabisa mwalimu wangu, penseli sikioni, anaandika ile barua.

Hapo nilikuwa bado na hasira. Kilichoniharibia hasira yangu ni Handel.

Wengi wetu Messiah, ile kazi yake ndefu yenye Haleluya, tunaiweka Krismasi, lakini ilisikika hadharani mara ya kwanza Dublin, Aprili 13, 1742, na ile Haleluya ambayo watu wanasimama iko mwisho wa sehemu ya pili, sehemu ya mateso na ufufuko, haihusiani na hori wala wachunga kondoo. Na humohumo kwenye sehemu ya pili, mwanzoni, kuna wimbo wa sauti ya pili peke yake, "Alidharauliwa", kutoka Isaya 53. Siku ile Dublin aliuimba Susannah Cibber. Huyu dada alikuwa mwigizaji wa jukwaani, na London alikuwa ameacha aibu kubwa, mumewe alimshtaki mwanaume aliyekuwa naye, mambo yote yakaanikwa mahakamani, mji mzima unajua. Na sauti yenyewe wala haikuwa ya kutisha, Charles Burney, mwandishi wa historia ya muziki, anasema ilikuwa nyembamba kama uzi, na elimu yake ya muziki ilikuwa ndogo. Lakini akaimba ule wimbo. Inasemekana mchungaji mmoja, Delany, alishindwa kuvumilia, akapaza sauti palepale ukumbini kwamba kwa hilo, mwanamke, dhambi zako zote zisamehewe.

Nilisoma hapo nikanyamaza.

Manake huyo ndo mwenye sauti ya Ijumaa Kuu. Hakuhitaji kupanda juu kucheza kokote. Nikauweka ule wimbo kwenye simu, nikavaa hedifoni, nikausikiliza jikoni taa imezimwa, na nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia kwa miaka yote niliyoimba Haleluya tu: muimbaji anasema neno moja, anaachwa, vyombo vinajibu kidogo, anasema jingine, anaachwa tena. Karibu nusu ya wimbo ni kuachwa. Huwezi kujificha humo. Kwenye zile za Jumapili unajificha vizuri tu, watu wengi, kelele nyingi, ukikosea kuingia nani atajua.

Nikatoka hapo nikaingia kwa Bach tena, Mateso ya Yohana ya mwaka 1724, yani mateso ya Yesu kama yalivyo kwenye Injili ya Yohana, kuna pale Yesu akishasema "Imekwisha" sauti ya pili inalichukua lilelile neno na kuliimba polepole sana, pamoja na ala ya nyuzi ya zamani, viola da gamba. Unakaa hapo unalia zako, halafu ghafla katikati, bila kuagana, muziki unalipuka mbio, shujaa wa Yuda anashinda kwa nguvu, mbio za vita kabisa! Siku ya Ijumaa! Kaburi hata halijachimbwa! Afu unakatika, unarudi palepale, imekwisha. Nimeirudisha hiyo sehemu mpaka mume wangu akaniuliza kama simu imekwama.

Sasa sijui. Kwa sababu mwalimu kama alikuwa na maana hiyo, basi kanipa kitu kikubwa kuliko nilichoomba. Lakini kama alikuwa na maana hiyo mbona solo ya Ijumaa nayo kampa mtu mwingine? Ndiyo, sikuwaambia. Kampa yule dada mgeni. Kwa hiyo sauti ya Jumapili sina, na ya Ijumaa ninayo ila naimba na kundi. Niambieni nyinyi.

Na cha ajabu mazoezi ya Jumamosi nilienda nimechangamka. Tulikuwa kwenye nyimbo za mateso, tunavuta, tunavuta, mwalimu akagonga meza na penseli: "Sauti ya pili, msilie. Imbeni, watalia wenyewe." Na akaniangalia. Au aliangalia saa ya ukutani, iko nyuma yangu.

Nyumbani huku Jumapili imeshafika. Kitinda mimba kajifunza wapi sijui ule wimbo wa sungura wa Pasaka, "Here Comes Peter Cottontail", ule alioutoa Gene Autry mwaka 1950, anaimba na kuruka kutoka kochi hadi kochi, akichoka anahamia Haleluya, na ile kimya inayokuja kabla ya Haleluya ya mwisho kabisa, pale ambapo kila kwaya duniani inaomba Mungu asitokee mtu wa kudandia, yeye ndo anasubiri hapohapo, anajaza mashavu pumzi, anatutazama mmoja mmoja, afu anapiga chafya ya uongo. Baba yake anacheka kila mara. Huyu sauti yake ni ya siku gani sijui, mwalimu atakuja kutuambia.

Ila kuna hili la kazini. Barua ya uhamisho inasema niripoti mwanzo wa mwezi, bosi mpya ananiambia nisubiri mpaka aliyepo kwenye kile kiti aondoke, na kule nilikotoka meza yangu wameshampa mtu, jana nimekuta kikombe chake. Sasa huo muda wa katikati mimi nitakuwa mfanyakazi wa nani, na mshahara utasainiwa na nani? Kama kuna anayejua haya mambo ya utumishi humu aniambie kabla ya wiki kuisha.